Tumbo la Nassibu, Mwoka Mikate wa Isevya

Mwaka wa hamsini na nne, mgeni aliyeshuka stesheni ya Tabora na kuulizia mkate wa maana alielekezwa Isevya, kwa Nassibu bin Ramadhani. Ilikuwa vigumu kupotea. Moshi wa tanuri ulionekana kutoka mbali, na kama moshi ulikuwa umekatika, ukikaribia ulisikia tumbo la mwenye nyumba.

Sitii chumvi. Tumbo la Nassibu liliunguruma mpaka majirani wakazipa sauti zake majina. Kulikuwa na "gari la mizigo," sauti nzito iliyoanzia upande wa kulia ikaenda polepole hadi kushoto na kusimama. Kulikuwa na "kuku wa jirani," fupi na ya kushtukiza. Baada ya sauti tumbo lilijaa upepo, akalegeza kikoi, kisha likaja moja kati ya mawili: ama akimbilie chooni, ama akae siku tatu bila kwenda kabisa, akizunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwembamba, mwenye aibu nyingi. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, akila alichokikuta njiani, mara nyingine akikuta mizizi tu, na hakuna aliyepata kusikia tumbo lake likisema neno. Nassibu aliliwaza jambo hilo mara kwa mara. Yeye hakubeba chochote kizito kuliko gunia la unga wa ngano, naye alikuwa hawezi hata kumaliza sala bila wasiwasi. Msikitini alisimama safu ya mwisho karibu na mlango, maana udhu wake haukukaa. Adhuhuri moja alitawadha mara nne, na mara ya nne mzee wa birika alimwambia kwa upole, "Mwanangu, maji haya tunayachota kwa ndoo."

Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa jambo la harusi ya Abasi, fundi bati. Watu walikaa mkekani, shehe akamaliza hotuba, akamgeukia bwana harusi na kumuuliza kama amekubali kumwoa Mwanamkuu binti Shomari kwa mahari yaliyotajwa. Abasi alikohoa kidogo ili atengeneze sauti. Katika nafasi ile ndogo, tumbo la Nassibu, aliyekaa nyuma yake, lilijibu. Lilijibu kwa kirefu, likapanda, likashuka, likamalizia kwa mkazo kama mtu anayeapa.

Shehe alisubiri liishe. Halafu akasema, "Nataka na bwana harusi mwenyewe aseme."

Tangu siku hiyo Nassibu hakuhudhuria harusi. Mikate alipeleka, akaiacha mlangoni na kuondoka.

Dawa alizitumia zote. Watu wote walikubaliana kwamba ni mchango wa tumbo, na kila mmoja alikuwa na mchango wake wa dawa. Alikunywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwenye sahani. Alichemsha mizizi iliyoletwa kutoka Sikonge, michungu kiasi kwamba hata mbuzi aliyelamba sufuria alikaa siku nzima ameinama. Dresa wa dispensari, Alois, Mnyamwezi mmoja Mkatoliki mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, alimpa haluli ya kuharisha. Haluli ilifanya kazi yake, na mambo ya siku ile mkewe Kuluthumu alimkataza kuyasimulia mbele ya watu wanaokula.

"Labda ni damu," alisema Alois safari nyingine.

"Damu gani, Bwana Dresa?"

"Sijui. Huwa tunasema hivyo tukiwa hatujui."

Alois alikuwa mtu wa namna hiyo. Watu walimpenda kwa sababu hakuwadanganya, ingawa wengi wangependa awadanganye kidogo.

Sasa, mvua za mwaka ule zilikata reli upande wa Kilosa. Behewa la unga halikufika. Nassibu alipika mpaka gunia la mwisho, akafagia tanuri, akalifunika kwa gunia tupu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akapanda treni ya mizigo na abiria kwenda Kigwa kwa dada yake Mwanahawa, aliyekuwa akilima huko. Alikusudia kukaa siku tatu. Unga ulichelewa, akakaa wiki tatu.

Kigwa hakukuwa na mkate, hakukuwa na andazi, na chapati waliisikia tu kwa watu wa reli. Mwanahawa alimlisha ugali wa mtama na mlenda, mihogo ya kuchoma na asali, na asubuhi matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Siku tatu za kwanza tumbo liliunguruma kama kawaida, na watoto wa jirani walikuja kulisikiliza. Siku ya nne lilipungua. Siku ya sita, alfajiri, Nassibu aliamka akajikuta amelala kifudifudi, jambo ambalo hakulifanya tangu ujana. Akageuka chali. Akaweka mkono juu ya tumbo. Kimya.

Alimfuata dada yake jikoni amejishika tumbo.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Mbona umejishika hivyo?"

"Tumbo halisemi."

Mwanahawa alimtazama, akaendelea kupepeta mtama. "Ulitaka liseme nini?"

"Naogopa limekufa."

"Umesikia njaa?"

Nassibu alifikiri. "Sana."

"Basi li hai. Kaa ule."

Alikula. Tumbo likapokea likanyamaza, kama mtu mwenye adabu. Kwa wiki mbili zilizobaki Nassibu alitembea Kigwa kifua mbele. Alikaa katikati ya watu kwa makusudi. Jumapili moja alikwenda hata kukaa karibu na kanisa dogo la Wamoravian, pale nje, wakati wa kimya cha sala, ili aone kama litamwaibisha. Halikumwaibisha. Mwinjilisti alidhani amepata mtu mpya, akaja kumsalimia kwa furaha, na ilichukua muda kumweleza.

Reli ikatengenezwa. Nassibu akarudi, akawasha tanuri, akakanda, akaumua, akaoka. Mwarabu wa sokoni aliyemfundisha kazi ile alimzoesha kuonja kila tanuri linapotoka: ncha ya boflo la kwanza, ncha ya boflo la katikati na kipande cha la mwisho. Akaonja. Halafu akanywa chai na maandazi mawili, kwa kuwa aliyakumbuka. Alasiri alikuwa amesimama dukani akimfungia mteja mkate katika gazeti, gari la mizigo likapita. Lilipita lote, mabehewa yote.

Alifunga duka, akaenda moja kwa moja kwa Alois.

"Bwana Dresa, nadhani ni mkate."

Alois alivua miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, matobolwa, mlenda, Wamoravian na yote. Ndipo akasema kwamba mwaka uliopita daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akipita kukagua dispensari alimsimulia jambo alilolisoma katika gazeti la madaktari. Huko Uholanzi, wakati wa vita, watu walikosa mkate, wakala hata maua. Na kulikuwa na watoto wagonjwa wa tumbo, wamekonda wamebaki mifupa, ambao kila mtu alidhani njaa ile itawamaliza. Wao ndio waliopata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

"Kwa hiyo nina ugonjwa wa watoto wa Uholanzi," alisema Nassibu.

"Sikusema hivyo. Wewe umekonda kidogo tu, na wao walikuwa wamekonda kufa. Unaweza kuwa nao, unaweza kuwa na ndugu yake, unaweza kuwa na tumbo jepesi la hasira linalochukia mambo mengi, mkate ukiwamo. Kuna matumbo ambayo ukiyapasua hukuti kitu, mazima kabisa, na bado yanamtesa mwenyewe. Sauti ni ileile. Mimi kwa nje siwezi kuyatofautisha."

"Utanipasua?"

"Hapana. Utanunua daftari."

Ikawa hivyo. Wiki mbili bila ngano hata punje, wiki mbili na ngano, kisha tena. Kuluthumu, aliyesoma kidogo na mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyeandika, kwa sababu Nassibu alikuwa na huruma na tumbo lake na alilipunguzia makosa. Daftari liliandikwa hivi: "Jumanne. Hakula mkate. Kimya. Alasiri sauti moja ndogo, anasema ni kiti." Na tena: "Ijumaa. Amekula boflo nusu kwa amri ya Dresa. Saa tisa kuku wa jirani. Saa kumi gari la mizigo. Saa kumi na moja yuko chooni, naandika peke yangu." Na tena: "Jumapili. Bila mkate. Amelala vizuri. Mimi pia."

Habari hizo zilifika upande wa pili wa ua, kwa Apolinaria. Huyu alikuwa mshonaji, mke wa karani wa reli, watu walimwita Mama Flavia kwa jina la binti yake. Naye alikuwa na tumbo la vivyo hivyo, la kuunguruma, kujaa, kukimbia na kufunga, ila yeye alilificha kwa kelele za cherehani. Likianza tu, alishona haraka. Wateja walimsifu kwa bidii.

Mama Flavia alinunua daftari lake. Akaacha mkate, akaacha maandazi, akaacha hata kulamba gundi ya bahasha kwa kuwa alisikia gundi ni unga. Wiki mbili zikapita, akarudia mkate wiki mbili nyingine. Akalichukua daftari kwa Alois, wakalisoma pamoja na Nassibu na Kuluthumu, wote wamekaa kwenye benchi la dispensari. Hakuna kilichobadilika. Siku za mkate tumbo lilikuwa zuri mara nyingine na baya mara nyingine, na siku zisizo na mkate hali kadhalika.

"Haya," alisema Alois, "na hii siku ya Alhamisi mistari sita, kulikuwa na nini?"

Mama Flavia alitazama. "Ilifika barua."

"Na hii ya Jumatatu?"

"Barua nyingine."

"Kutoka wapi?"

"Usoke. Kwa mama mkwe."

Kuluthumu alifunika mdomo kwa kanga. Alois hakucheka. Alisema tu kwamba yapo matumbo yanayosumbuliwa na unga, na yapo yanayosumbuliwa na posta, na kwamba kwa masikio yake anasikia yote mawili yanaimba wimbo mmoja.

Hapo mambo yangeishia vizuri, kama Nassibu angejua kuficha. Lakini mwoka mikate anayekula ugali wa mtama dukani mwake, mikate imejaa nyuma yake mpaka darini, hawezi kukosa kuonekana. Mteja wa kwanza aliuliza. Nassibu akasema, "Mkate unanidhuru." Alimaanisha yeye. Aliyesikia alielewa vingine, na ilipofika sokoni habari ilikuwa kwamba mwoka mikate wa Isevya mwenyewe hali mikate yake kwa sababu anajua alichokitia. Wengine walisema sabuni. Mwingine alisema majivu. Mtu mmoja asiyejulikana alisema nzige, na hilo ndilo lililoaminiwa zaidi.

Baada ya siku nne Bwana Afya akaja. Aliitwa Wenceslaus, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi na kofia ngumu, mpya katika kazi, anayependa kufuata kitabu. Watu walimfuata kama thelathini hivi. Alikagua tanuri, akapekua unga, akanusa hamira, akatazama chini ya meza. Kila kitu kilikuwa safi. Hilo lilimsumbua, kwa sababu watu wote wale hawangetawanyika kwa usafi tu.

"Shikamoo, fundi," alisema mwishowe, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba."

"Malalamiko ni kwamba huli mkate wako. Kula hapa, mbele yetu, tumalize."

Akachukua boflo lenyewe, akakata kipande kikubwa, akampa. Nassibu akakishika. Watu thelathini wakasogea wamtazame. Alikuwa na siku ishirini bila punje ya ngano, na daftari la Kuluthumu lilikuwa kimya kama kisima. Lakini alipoona yale macho yote, na mkate bado haujafika hata kidevuni, tumbo lake liliunguruma kwa sauti ambayo haikuwa na jina. Mbwa aliyelala chini ya baraza aliinuka akahamia kwingine.

"Bado hajala," alisema Kuluthumu kwa sauti, akiwageukia watu. "Mmeona wenyewe. Bado hajala."

Nassibu mwenyewe alishangaa kuliko wote. Alimtazama Alois, aliyesimama nyuma ya umati, na Alois akainua mabega, kama anayesema ameona naye, ataliandika.

Ndipo Mama Flavia akatoka mlangoni kwake na sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye gauni. "Nipe mimi," akasema. "Mimi nakula mkate huu miaka sita." Akachukua kile kipande akala. Akachukua kingine. Alikula nusu boflo amesimama, bila chai, akitafuna polepole ili kila mtu ahesabu. Tumbo lake lilikuwa tulivu. Watu wakaanza kuguna kwa kukubali. Bwana Afya akatoa karatasi yake aandike.

Wakati huohuo treni ya Usoke ilikuwa imefika zamani, na mama mmoja mfupi, mzito, mwenye rozari shingoni na kuku wawili mkononi, alikuwa akipita katikati ya watu akiuliza kuna msiba gani. Mama Flavia alimwona. Mkate ukamkwama.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Kumbe siku hizi mnakula njiani."

Tumbo la Mama Flavia likaanza. Alitazama huku na huku akitafuta cherehani, nayo ilikuwa ndani. Likaendelea. Umati ukarudi nyuma hatua mbili, na mtu akasema, "Mnaona sasa, mkate umeanza kazi." Bwana Afya akafuta alichokuwa ameandika.

Mama Katarina, maana ndilo jina la huyo mkwe, aliomba aelezwe. Watu kumi wakamweleza kwa pamoja. Aliwasikiliza, akampa Kuluthumu wale kuku amshikie, akachukua nusu boflo iliyobaki, akaila. Alikula kama mtu aliyesafiri bila chakula, na kweli alikuwa amesafiri hivyo. Akamaliza. Akajifuta. Wote wakainama kidogo mbele, kusikiliza. Hakuna kitu. Lilikuwa tumbo la jiwe.

"Una mwingine?" alimwuliza Nassibu.

Alipomaliza na wa pili, Wenceslaus aliandika kwamba mkate ni mzima na duka ni safi, akatia sahihi, akanunua boflo moja la kwake, akaondoka akilitafuna njiani. Watu nao wakanunua. Jioni hapakubaki hata makombo.

Siku iliyofuata Alois aliwaita wote wawili. Alimwambia Nassibu kwamba daftari lake linaonyesha wazi: mkate unamdhuru, na asipoula atakuwa na amani siku nyingi. "Lakini jana," akasema, "ulitishwa na watu tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ni unga, na sehemu ni wewe. Siwezi kukutenganisha zaidi ya hapo. Pengine kuna siku watapata kipimo."

"Na mimi?" aliuliza Mama Flavia.

"Wewe kula mkate. Halafu zungumza na mama mkwe."

Alijaribu kuyaanza mazungumzo kwa siku tatu, akaishia kushona kwa nguvu. Siku ya nne aliacha cherehani akamwambia Mama Katarina, kwa heshima zote, kwamba kila sufuria zake zikipekuliwa tumbo linamkata, na kwamba Dresa ana ushahidi. Mama Katarina alikuwa tayari kukasirika, ila jambo moja lilimpendeza: kumbe barua yake tu, kutoka Usoke, ina nguvu kama haluli. Aliacha kupekua sufuria. Aliporudi Usoke barua aliendelea kuandika, ila juu ya bahasha aliandika kwa penseli, "Ni salamu tu," ili mkwewe aifungue bila hofu.

Nassibu hakuonja tena. Kuluthumu ndiye aliyeonja, naye akanenepa vizuri sana. Nassibu alijifunza kuujua mkate kwa harufu, na kwa kuugonga chini kwa vidole na kusikiliza. Chai alinywa na mkate wa sinia, ule wa unga wa mchele, na siku za sikukuu vibibi vya mchele.

Miezi michache baadaye Mwanahawa alimletea gunia la mtama kutoka Kigwa, na Nassibu akaingiwa na wazo la kuoka boflo la mtama. Lile la kwanza halikuumuka. Aliligonga chini, likatoa sauti ya mlango. La pili lilipasuka tanurini. La tatu Kuluthumu aliliweka kuzuia dirisha lisipigwe na upepo, na lilikaa hapo masika yote bila kulainika. La nne lilitoka bapa, jeusi, limepinda upande mmoja. Nassibu alikata kipande kwa shoka dogo la kuni, akakipaka asali nyingi, akakaa barazani, akakitafuna kwa muda wa saa nzima. Mama Flavia aliyekuwa akipita alimwuliza kama ni kitamu.

"Hapana," alisema Nassibu, akakata kingine.